Sinia Lililorudi Tupu

Nilipika miaka mingi katika nyumba ya wazee, upande wa Kinjumbi, wakati wa Mwingereza. Sufuria yangu ilikuwa kubwa, punda angeweza kuoga ndani yake na mwanawe akakaa pembeni kungoja zamu. Mwiko wangu ulikuwa kama kasia. Mvuvi mmoja aliwahi kuja kuuazima, nikamkatalia, nikamwambia ukizama nao huko, wazee wangu nitawasongea ugali kwa mguu?

Nayasema haya mapema ili ujue unamsikiliza nani. Maneno yangu huumuka kama andazi. Shule sikwenda, kuandika sijui, mimi nasema na mwenzangu anaandika. Lakini hili la leo nitajitahidi kulileta kama lilivyokuwa, maana kuongeza kwangu kulikaribia kumuua mtu, na mtu mwenyewe nilimpenda.

Nyumba ile ilikuwa mabanda matatu karibu na mkono wa bahari wenye mikoko. Wazee wa pale walikuwa hawana watu. Wengine watoto wao walikwenda kwenye mashamba ya mkonge wasirudi. Wengine walibeba mizigo katika vita vya Mjerumani, wakarudi vidole vimebaki njiani. Wengine walitoka milimani, Wamatumbi, Kiswahili chao cha kubahatisha, na mimi ndiye niliyekuwa nawasemea kwa sababu mama yangu alikuwa wa huko. Na wengine, wachache, waliletwa pwani wakiwa wadogo kabla bendera ya Mjerumani haijapandishwa, wamefungwa kamba, na mpaka uzee wao hawakujua kwao ni wapi.

Msimamizi alikuwa mtu wa Kilwa mjini, wa ukoo wa zamani. Kanzu yake ilikuwa nyeupe masika na kiangazi, nadhani matope yalikuwa yanamwona yanajitenga. Usidhani nakuletea habari ya mtu mbaya. Kila asubuhi alipita kitanda kwa kitanda akiuliza wameamkaje. Mzee akifa hana ndugu, alimwosha kwa mikono yake mwenyewe. Na alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza kwa mtu yeyote: watu wa nyumba ile wanakula pamoja. Wanaume masinia mawili, wanawake sinia moja. Alisema hatawaona wazee wake wanakula kila mmoja kivyake kama watu waliofukuzwa na kijiji. Wote tulimsifu kwa hilo, mimi nikiwa wa kwanza.

Baada ya chakula masinia yalirudi jikoni kwangu. Yalirudi tupu, ndugu yangu, yamefutika mpaka unaona uso wako. Nilikuwa nikifika Nangurukuru kutafuta chumvi nasimulia kwamba wazee wangu wanalamba sinia mpaka rangi inatoka, kwa utamu wa mkono wangu. Siku nyingine nilisema wamelitoboa. Watu walicheka, na mimi nikarudi nimevimba kichwa.

Sasa kulikuwa na bibi mmoja kipofu, mmoja wa wale walioletwa na kamba. Mwili wake ulikuwa mdogo, mikono mirefu. Alikuwa ananiita mume wangu, kama bibi anavyomwita mjukuu, na mimi namwita mke wangu. Nikipita na ndoo alinijua kwa nyayo.

"Mume wangu," aliniambia siku moja, "leo umepika kunde au umechemsha kofia yako?"

Nikamwambia kofia ilikwisha jana, leo ni kiatu. Alicheka mpaka akashika mbavu, na mbavu zenyewe zilikuwa za kuhesabika. Mimi niliziona. Niliona kila siku, nikasema moyoni ni uzee.

Kwenye sinia alikuwa na desturi yake. Alimega matonge mawili matatu, halafu anavuta mkono, anasema, "Nimeshiba, alhamdulillahi," anaomba maji ya kunawa. Wenzake walimwambia kula, mama, naye alisema huku anapangusa mdomo kwamba tumbo lake dogo. Nikamwona mwenye adabu kuliko wote.

Basi akaja mama mmoja wa Kizungu. Alikuwa mwembamba, amevaa viatu vya kiume, Kiswahili chake cha Unguja kimenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Alisema amekuja kuangalia jinsi wazee wanavyotunzwa, atakaa nasi wiki kadhaa, atauliza, atapima, halafu atarudi kutuambia alichokiona.

Hapo kwenye kurudi watu walikohoa. Tulikwisha kuwaona wenye kuandika. Alikuja wa kuandika nyumba, akaja wa kuandika minazi, akaja mmoja akaandika mbuzi mpaka mimba za mbuzi. Wote walikwenda na madaftari yao, na hakuna hata mmoja aliyerudi kusema, jamani, ule mbuzi wenu nimemwona hivi na hivi.

Mama huyu alianza na mizani. Aliazima dukani kwa Mhindi ile ya kupimia ufuta na mbata, tukaitundika kwenye boriti, tukashona gunia kuwa kiti. Wazee wakapimwa mmoja mmoja, wananing'inia kama mafurushi. Mzee mmoja wa vita aliomba asukumwe kidogo, ana miaka mingi hajabembea. Ilikuwa kicheko kitupu mpaka ikafika zamu ya bibi. Nilimnyanyua mimi, nikamweka kwenye gunia. Alipapasa kamba juu ya kichwa chake, akauliza, "Mume wangu, hii ni nini?"

Nikamwambia mizani.

"Unaniuza?" Akatabasamu. "Mara ya kwanza hawakunipima."

Mama wa Kizungu aliandika, akaniomba nimteremshe taratibu.

Baadaye akaanza kuuliza. Kwa wale wa milimani mimi ndiye niliyekuwa mdomo wao. Shida ikawa moja: ukimwuliza mzee wa kwetu habari zake, atakwambia nzuri. Anaumwa, nzuri. Hajalala, nzuri. Mgeni hapokelewi na malalamiko, ni aibu kumtwisha mzigo wako mtu ambaye wake hajautua. Daftari la yule mama likawa linajaa nzuri, nzuri, nzuri, na mimi nikamwonea huruma. Nikaona ametoka kote huko kuja kuchukua nzuri?

Nikaanza kutia chumvi. Mzee alisema mguu unamsumbua kidogo, nikasema mguu unawaka moto mpaka wenzake wanauota. Mwingine alisema usiku husikia kitu nje, nikasema fisi huja kumgongea mlango na kumwita. Bibi mmoja wa Kimatumbi alisema mvua ikipiga, tone moja linamwangukia kichwani. Nikasema maji hujaa bandani mpaka samaki wanaingia. Na ule mkono wa bahari ulikuwa pale pale, mtu anauona, mama akatazama mikoko, akatazama banda, akaandika.

Niliona namsaidia. Wallahi niliona nawasaidia wote.

Wakati wa chakula alikaa kwenye kigoda mbali kidogo, mkeka wa kushona magotini, kama mtu anayejifunza kushona. Hakuwa anashona. Alikuwa anahesabu matonge, na hakuna aliyejua. Siku za mwisho tukatundika mizani tena, akapima wote upya, akashukuru, akaondoka. Tukasema haya, kwaheri ya mbuzi.

Masika yakaingia, njia ikakatika. Siku moja asubuhi nimeinama kwenye moto, nikasikia hodi. Nikageuka, yule mama, matope mpaka magotini, daftari amelifunga kwenye ngozi na kulibeba kichwani kama maji. Alikuwa amerudi.

Alikaa na msimamizi barazani. Niliitwa na mimi, kwa kuwa nilikuwa mdomo. Akasema kwa adabu sana kwamba karatasi hizi zitakwenda kwa wakubwa baadaye, lakini ameona azilete kwanza kwa mwenye nyumba, wazizungumze, kama amekosea aambiwe, kama amepatia watafute njia pamoja. Msimamizi akamwambia karibu. Niliona amefurahi kuheshimiwa hivyo.

Akasoma. Alianza na mazuri: usafi, kuamkiwa kila asubuhi, wafu kuoshwa kwa heshima. Msimamizi akaitikia kwa kichwa. Halafu akafika kwenye banda la pili, kwamba mvua ikinyesha maji hujaa mpaka samaki wameonekana ndani.

Msimamizi akainua mkono. "Samaki?"

Mama akasoma tena.

Paa lile msimamizi aliliezeka yeye mwenyewe na mafundi wawili, makuti mapya ya mwaka ule. Akasimama. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema yeye ni mtu mzima na nyumba yake anaijua, na karatasi yenye samaki juu ya mti haina haja ya kusomwa mpaka mwisho. Kama hilo ni uongo, na yaliyobaki hivyo hivyo. Akamshukuru mama kwa safari, akamwambia chai inakuja.

Mama akabaki na kidole kwenye karatasi. Akasema polepole, "Bado kuna jambo la chakula. Hilo ndilo lililonirudisha kwenye matope."

Msimamizi akasema kuhusu chakula haogopi, masinia ya nyumba hii yanarudi tupu, mpishi huyu hapa aulizwe.

Wakanigeukia wote wawili. Bwana wee, ulimi wangu haujawahi kukosa neno tangu nilipoota meno, siku ile ulikauka kama samaki ng'onda. Nikajua nikinyamaza nabaki na kazi yangu. Nikajua pia mama hakupita kwenye matope yale kwa ajili ya samaki.

"Bwana, samaki ni wangu," nikasema. "Yule bibi wa Kimatumbi alisema tone. Samaki niliwatia mimi."

Msimamizi akanitazama. "Na kingine?"

"Na fisi anayeita watu. Na mguu unaootwa kama moto."

"Na chakula?"

"Chakula sikukigusa, bwana. Hicho amekiona kwa macho yake. Na mimi nimekiona kila siku, nikadhani ni sifa yangu."

Nilingoja kufukuzwa. Msimamizi akakaa, akakunja mikono ya kanzu, akamwambia mama, "Soma hilo la chakula."

Akasoma. Maneno yalikuwa machache na hayakuwa na samaki. Kwenye kila sinia wapo wenye mikono mepesi na wenye mikono mizito. Kipofu anatafuta mboga kwa kupapasa, akiifikia imekwisha. Asiye na vidole tonge linamdondoka. Mwenye kutetemeka anaona haya. Hao ndio wanaosema mapema wameshiba, ili wasionekane wanashindana na wenzao. Na mizani ilipotundikwa mara ya pili, kila aliyekuwa anasema ameshiba kabla ya wenzake alikuwa amepungua. Aliyepungua kuliko wote ni bibi kipofu. Mama akafunga daftari akasema, hivi akiendelea, hatafika kiangazi.

Sinia tupu, ndugu yangu. Nilizunguka nalo mpaka Nangurukuru.

Mama akashauri kila mzee apewe bakuli lake, apakuliwe kiasi chake. Msimamizi hakupenda, lilikuwa sharti lake lile, lakini alikubali. Akaagiza Kilwa mabakuli ya bati, meupe yenye ukingo wa buluu. Mama akapanda Kipatimu, alikuwa na wazee wengine wa kuwatazama huko, akasema atapita akirudi.

Siku ya kwanza ya mabakuli nilipakua kwa mkono wangu, sawa kwa sawa. Wanaume walinung'unika, wakala. Nikampelekea bibi lake, nikamwekea mikononi. Aliuzunguka ukingo kwa kidole, mzunguko mzima.

"Wenzangu wako wapi?"

Nikamwambia wapo hapa hapa, kila mmoja na lake.

Akaliweka chini. "Nimeshiba."

"Mke wangu, hujala."

"Nimeshiba."

Jioni hivyo hivyo. Kesho yake akanywa maji tu. Nikatia nazi zaidi, nikamchambulia papa laini kabisa, nikamtania kwamba namwoa mwingine. Hakucheka. Siku ya tatu hakutoka kitandani, na alipolala gubigubi chini ya shuka uliona kama kitanda kimetandikwa hakina mtu. Hili siongezi.

Msimamizi akaja jikoni, mara ya kwanza kumwona ameingia kwenye moshi na kanzu ile. Akaniambia, "Nenda kamwulize. Na unirudishie alichosema, alichosema tu."

Nikaenda nikakaa chini karibu na kichwa chake. Nikamwuliza nimemkosea nini. Akanieleza. Alisema katika nyumba ya mabwana zake, huko mjini, yeye alitwanga, alipika, alipakua. Watu wakila wakimaliza, yaliyobaki yalikombwa yakatiwa kwenye kifuu cha nazi, akala amechuchumaa kwenye mlango wa uani. Tangu utoto mpaka nywele nyeupe alikula kwenye kifuu. Macho yakaenda, mabwana wakafa, akaletwa kwetu. Na siku ya kwanza mtu mmoja, hakujua ni nani, alimshika mkono akautia kwenye sinia, mkono wake ukagongana na mikono ya watu.

"Karatasi ya uhuru nilipewa zamani, sijui iliandikwa nini," akasema. "Siku ile mikono ilipogongana, mume wangu, ndipo nilipojua."

Nikamwambia lakini pale hushibi.

"Najua sishibi. Pale sishibi, na hapa chakula hakipiti. Niache tu."

Nikatoka. Kutoka kitandani pale mpaka jikoni ni hatua chache, nilizitembea kama mtu aliyebeba yai kwenye kijiko. Nilimfikishia msimamizi maneno yale kama nilivyopewa, sikuongeza hata pumzi. Katika maisha yangu ndiyo habari ya kwanza kuifikisha nzima.

Alisikiliza anatazama jivu. Akaniuliza, "Alisema nyumba ya nani?"

Nikamwambia hakusema, na mimi sikumwuliza. Akatikisa kichwa. Ukoo wake ulikuwa wa zamani, nimekwambia, na nyumba yao mjini ilikuwa na ua na mlango wa uani kama nyumba zote kubwa. Hakuuliza tena, na mimi sijui zaidi ya hapo.

Adhuhuri aliniambia nitoe sinia la wanawake, nitie vibaba viwili zaidi vya unga. Akaenda mwenyewe kumwinua bibi, akamleta ameegemea mkono wake, akamkalisha mkekani kati ya wenzake. Halafu akavua kofia, akakunja kanzu mpaka kwenye kiwiko, akakaa. Mwanamume kukaa kwenye sinia la wanawake si jambo la kwetu, wale vikongwe wakaanza kujifunika. Akawaambia, "Nyinyi ni mama zangu. Leo mmekuja kwangu, mimi ndiye mwenyeji."

Na mwenyeji kwetu pwani ana kazi yake. Ndiye anayemega nyama akaisukuma mbele ya mgeni, ndiye anayechambua miiba, na ndiye wa mwisho kutoa mkono kwenye sinia, ili mgeni asione haya kuendelea. Sote tulijua hivyo tangu utoto. Tuliifanya kazi hiyo kwa wageni wa harusi, kwa wazee wetu hatukuifikiria.

Alimsukumia bibi ugali, akamwekea samaki juu, akamwongoza mkono. Mkono wa bibi ukagongana na wa jirani yake. Akamega tonge moja, la pili, la tatu. Akavuta mkono.

"Nimeshiba, alhamdulillahi."

"Mwenyeji wako bado anakula, mama," msimamizi akasema, na kweli alikuwa anatafuna, polepole, kama mtu mwenye jino bovu.

Bibi akageuza uso kwenye sauti ile. Akarudisha mkono.

Toka siku ile kila sinia likawa na mwenyeji. Siku moja msimamizi, siku moja mfagiaji, siku nyingi mimi, na kwa kula polepole vile nilidhani nitaota mizizi. Mabakuli tukanyweshea kuku. Mama wa Kizungu aliporudi kutoka Kipatimu alisimama mlangoni akatazama mpaka mwisho. Kisha akafungua daftari, akafuta mstari wa mabakuli, akamwomba msimamizi amwambie maneno ya kuandika mahali pake. Wakaandika pamoja. Samaki nao wakafutwa, mbele yangu, mmoja mmoja.

Tukatundika mizani. Ningependa kukwambia ilikatika kwa uzito wa mke wangu. Haikukatika. Mshale ulisogea kidogo, wa kutazamwa kwa kukaza macho. Mama akautazama mara mbili, akasema umepanda.

Lakini mimi nilikwisha kujua kabla ya mizani, tangu siku tatu nyuma. Sinia la wanawake lilirudi jikoni mchana, nikalipokea kwa kuuzoea wepesi wake, mkono ukashuka. Upande ule anaokaa bibi kulikuwa na ugali, na juu yake kipande cha samaki kimebaki, kimemegwa nusu. Zamani ningeona aibu, ningewapa kuku haraka kabla mtu hajaona. Nililiweka juu ya jiwe la kusagia, nikakaa mbele yake.

Msimamizi akapita mlangoni, akasimama.

"Kimebaki?"

"Kimebaki, bwana."

Akaingia kwenye moshi, akakaa karibu yangu, tukalitazama.